Mama na Kona ya Darajani

Ihanda,
5 Julai 2011.

Kwako Kaka Barnaba,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Tunduma, na kifua kimepona vumbi la malori? Huku hatujambo. Goti la Mama limepona na hachechemei tena.

Tulipata ujumbe wako kwamba Jumamosi utakuja kuichukua pikipiki uliyomnunulia Mama, kwa kuwa ameanguka nayo. Mama aliifuta vumbi, akaifunika kwa khanga yake mpya. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho.

Kweli mwanzoni alikaa vibaya. Fanueli, bodaboda wa Mlowo aliyemfundisha, alimwambia anaendesha kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji: shingo imekakamaa, mikono imenyooka, na kwenye kona hataki kulala upande hata kidogo. Mama akamjibu kwamba amejitwika ndoo miaka thelathini na hajawahi kumwaga. Fanueli alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwonyesha kulegeza mabega, kukunja viwiko, kulibana tangi kwa magoti, na kutazama anakokwenda badala ya gurudumu la mbele. Alisema pikipiki husikiliza mwili kabla ya usukani. Baada ya wiki mbili Mama alikuwa anapeleka nyanya sokoni Mlowo na kurudi mapema, akiimba nyimbo za kwaya.

Siku ile ya kuanguka nilikuwa nimepanda nyuma yake. Kwenye kona ya darajani Mama alilala vizuri kushoto pamoja na pikipiki. Mimi nikaona ardhi inanikaribia, nikaogopa, nikajivuta kulia kwa nguvu zangu zote huku nimemng'ang'ania bega. Pikipiki ikayumba, tukaingia mtaroni. Watu wakasema ndiyo matokeo ya mwanamke kupanda pikipiki, nami nikanyamaza. Kosa lilikuwa langu, Kaka.

Jana nilimweleza Mama huku nalia. Akasema, “Nilijua, mwanangu. Nilihisi unanivuta. Lakini ningesema, ungepanda tena?”

Leo asubuhi nimepanda. Nilimshika kiunoni, nikatazama mbele juu ya bega lake la kushoto, na tukapita pale darajani kama mtu mmoja. Nilicheka mpaka Mlowo.

Basi Jumamosi njoo, ila usikodi gari la kuibebea pikipiki. Shuka stendi ya Mlowo, Mama atakupokea. Kofia ngumu yako ipo. Na kona ikija, Kaka, usishindane naye.

Wifi na watoto wasalimie sana.

Mdogo wako akupendaye,
Lusungu