Vitabu Nilivyomsomea Mzee Odongo

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Makindye. Mama yako hajambo, na dada yako amejifungua salama. Umeniuliza kwa nini nasoma vitabu kwa sauti ilhali naishi peke yangu.

Nilipokuwa msichana, jirani yetu Mzee Odongo, polisi mstaafu, alifiwa na mkewe, na macho yake yakawa hayaoni tena. Mwezi mzima nilimsomea kila alasiri: hadithi za upelelezi, mashairi, historia, hata kitabu cha ufugaji wa kuku. Vitabu vilipokwisha nikamuuliza, "Mzee, kipi kimekupendeza?"

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasikiliza tu nijue kwamba nyumbani mna mtu."

Siku ile nilicheka. Sasa namwelewa. Ukipata nafasi, nipigie simu unisomee chochote.

Bibi yako,
Mwajuma