Abiria wa Jumamosi

Mwanza, 10 Februari 2025

Taata,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi huku wazima, ni kazi tu zinatumaliza.

Nilipokuachia gari baada ya mazishi ya Mama, kuna jambo sikukwambia. Kompyuta ya gari hilo inanitumia ripoti kwenye simu: unakokwenda, unavyokanyaga breki, hata ukisinzia. Kila Jumamosi inasema unakwenda Rubafu na abiria kiti cha mbele, kafunga mkanda. Ukirudi hayupo. Taata, Mama hajatimiza mwaka! Ni nani huyo? Usiponijibu nitalifunga gari nikiwa huku huku.

Binti yako,
Annastella

Nshamba, 21 Februari 2025

Mwanangu Annastella,

Marahaba. Kifua kipo, kinakohoa chenyewe, mimi nakisindikiza tu. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana naandika.

Kumbe naendesha mpelelezi! Na mimi nilikuwa naliimbia.

Sasa pokea habari za mchumba. Ni mnene, wa kijani, haongei, katoka shambani kwangu. Ni mkungu wa ndizi, wewe mtoto! Nikiuweka nyuma unabingirika na kuchubuka. Nikiuweka mbele gari linalia pii pii pii kama limefiwa. Nikaufunga mkanda, likanyamaza. Basi, limeshatuozesha.

Nampelekea Ma Bernadina, dada wa mama yako. Mnyauko umemaliza migomba yake yote. Mama yako alikuwa akimpelekea kila Jumamosi, sasa nimwache ale ugali, mtu mzima yule?

Na hilo la kusinzia: gari linanichorea kikombe cha kahawa. Nikadhani linaomba. Nikaliwekea akamwani, zile buni zetu za kutafuna, pale mbele, halikutafuna. Nikazitafuna mwenyewe.

Usilifunge.

Baba yako,
Mutembei

Mwanza, 17 Machi 2025

Taata,

Shikamoo. Nisamehe. Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza.

Lakini hiki kikombe sikicheki. Kila Jumamosi ripoti inasema dereva amechoka, macho yanafumba, na sasa inaanza hata hujafika Muleba. Sijalifunga, nangoja uniambie ukweli. Usiku unalala?

Binti yako,
Annastella

Nshamba, 29 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimechelewa kujibu. Najua pia mpelelezi wako ameshasema, ila yeye hajui kusimulia.

Nilisinzia kabla ya Rwamishenye. Kuzinduka, nimo ndani ya migomba ya watu. Mwenye shamba, Datius, akaja mbio, akafungua mlango wa abiria kwanza.

"Mzee, mkungu umepona. Wewe je?"

"Mimi sijaiva bado," nikamwambia.

Tukacheka. Akanivuta nje kama gunia. Sikuumia, ni taa moja tu ya gari imevunjika, na mgomba wake mmoja.

Umeniuliza kama nalala. Silali. Tangu mama yako aondoke kitanda kimekuwa kipana mno, nakizunguka mpaka majogoo. Nimechoka, Annastella. Hapo kompyuta yako haikunisingizia.

Kwa hiyo lifunge. Ndizi za Ma Bernadina nimeshakubaliana na kondakta wa basi, ingawa ana macho ya kupenda vya watu.

Ila kabla ya gari hili ulikuwa unaniandikia Krismasi tu. Tangu lianze kunichongea, barua zako nazipata mpaka posta wananitania. Sasa tukilinyamazisha, itabidi uje unipeleleze mwenyewe.

Baba yako,
Mutembei