Kitambaa Cheupe Nyuma ya Mashine ya Mpunga

Mama Tekla, mke wangu,

Leo nimeanika kitambaa chako cha altare nyuma ya mashine ya mpunga, hapa Viwanja Sitini, upande ule ule ambako upepo ulikuwa unaleta moshi. Usinigombeze kabla hujanisikiliza.

Unakumbuka nilivyokuwa nachochea pumba kwenye tanuri la kukaushia mpunga, nawe ukifua vitambaa vya kanisa ng'ambo ya barabara. Ulikuwa unakuja mlangoni na kitambaa chenye masizi, unakisogeza puani kwangu. "Baba Tekla, wewe unachafua, mimi nafua. Padri atadhani misa inasomwa jikoni." Wenzangu walicheka mpaka wakaacha makoleo. Kisha majirani wakachoka kukohoa, tanuri likafungwa, kazi ikaisha, tukapanda treni kwenda Mbeya. Ulisema tutarudi moshi ukiisha. Ukafia kule, nami nikazoea kuitwa mgeni.

Sasa sikia. Serikali imetoa fedha za utafiti kwa tanuri lile lile, nami nimekuja kutoka Mbeya kujionea. Si fedha za kujenga kiwanda. Ni za kujaribu jambo ambalo hakuna anayejua kama litawezekana. Nimesoma magazeti tangu ujana wangu, na imenibidi kungoja mpaka miaka hii ya tisini ndipo nione serikali yetu ikilipia neno "labda".

Mhandisi wa jaribio hilo ni binti wa rika la Tekla wetu. Moshi anaurudisha motoni uungue tena, ndipo upande dohani. Alinikuta mlangoni, akaniamkia, nami kwa papara nikamuuliza, "Na mkishindwa?"

"Mzee, hata shikamoo yangu hujaipokea," akasema. "Tukishindwa tutaeleza tulishindwa wapi, anayekuja aanzie hapo."

Nikacheka, nikaipokea.

Viongozi wa kata wataruhusu tanuri lifanye kazi iwapo masizi hayatafika kwa majirani. Likifunguliwa, mwenye mashine ameniahidi kazi ya kusimamia moto na chumba cha uani. Maana yake nitarudi nyumbani. Binti alitaka kitu cheupe cha kuanika karibu na nyumba za watu, ayaone masizi kwa macho. Mdogo wako Yustina akaenda sandukuni, akaleta kitambaa chako.

Moto uliwashwa asubuhi. Nilikodolea macho dohani sana, shingo ikauma. Sikuona moshi, ila hewa ya joto ikichezacheza juu ya bati.

Jioni Yustina alikianua, akakinusa kama ulivyokuwa ukikinusa wewe. "Shemeji, hiki hakinuki jiko." Akaugeuza upindo. Palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu. "Lakini altareni hakipandi."

Moyo ulinishuka. Binti ndiye aliyefurahi. Alisema moshi huo ulitoroka mwanzoni, tanuri likiwa bado baridi. Kesho atalipasha kwanza kwa mkaa, ndipo amwage pumba. Furaha yake ikanipanda na mimi, mzee mzima, nikashindwa hata kumaliza chai.

Treni ya kurudi Mbeya imepita. Nimeisikia ikipiga honi kuelekea Mlimba. Sikwenda stesheni. Nilikuwa uani kwa Yustina, mikono ndani ya beseni, nasugua upindo wako kwa sabuni ya mche. Safari hii anayechafua ndiye anayefua. Kesho, kabla moto haujawashwa, nakianika tena.

Mumeo, mchochea pumba,
Baba Tekla