Upande wa Kaskazini wa Kilima

Mahikeng, 3 Februari 2014

Dada Basetsana,

Pokea salamu zetu wote. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Kifua chako kinaendeleaje? Unakunywa ile dawa, au unaipanga tu dirishani?

Nakuandikia habari za hisa. Usicheke kwanza. Hapa kwenye duka langu la matairi tunakutana watu wanne kila Jumamosi kuzungumzia mahali pa kuweka akiba zetu. Anayetuongoza ni bwana mmoja, Rre Sebogodi, mwalimu mstaafu wa hesabu. Juzi alituletea habari za kampuni ndogo iitwayo Letlhaka. Haichimbi. Inachukua makapi ambayo migodi iliyatupa zamani, inayaosha upya kwa mabomba ya maji na kutoa platinamu iliyobaki. Na unajua wamenunua makapi gani? Kile kilima kilichokalia kijiji chetu, Ga-Molehe.

Hisa moja ni senti 38. Nimechukua elfu ishirini. Wewe uliyekaa maabara ya mgodi miaka ishirini na sita, unakijua kilima kile kuliko bodi yao yote. Tia kidogo katika kiinua mgongo chako.

Mdogo wako,
Motsumi


Ga-Molehe Mpya, 19 Februari 2014

Motsumi mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mko salama. Pole kwa goti. Kifua changu ni kilekile, na dawa nakunywa, wala usinipeleleze.

Barua yako ilinifikia tarehe 11, nimeangalia katika daftari langu. Nilikaa nayo siku saba. Jana nilikwenda Rustenburg kwa dalali na nimenunua hisa elfu tano. Lakini nikuambie ukweli, sikununua kwa ajili ya gawio.

Mgodi ulipotuhamisha mwaka 1973, makaburi kumi na moja yalihamishwa. La Mama halikuwamo kwenye orodha. Mimi nilikuwa shule ya bweni, Baba alikuwa kazini chini ya ardhi, machimboni kule Welkom. Niliporudi Desemba, tope la makapi ya mgodi lilikuwa limeshavuka zizi la ng'ombe. Baba aliuliza ofisi ya mgodi mpaka akafa, akajibiwa kwamba orodha ni orodha.

Sasa hawa wakiosha kilima chote, ardhi ya zamani itaonekana. Nataka niione, kisha nimhamishe Mama alale kando ya Baba. Ndiyo faida ninayoingoja.

Wasalimie watoto.

Dada yako,
Basetsana


Mahikeng, 7 Julai 2014

Dada,

Habari za baridi ya huko? Hapa asubuhi maji yanaganda kwenye karai la kupimia matairi. Samahani kwa kuchelewa miezi hii yote. Kazi ilikuwa nyingi.

Ile ya Mama nimeisoma.

Hisa zimefika senti 61! Rre Sebogodi ametutangazia kwamba yeyote atakayeuza sasa asikanyage tena dukani, nami nikamkumbusha kwamba duka ni langu. Wanasema upande wa kusini utaisha kabla ya Desemba. Wewe unayekaa mkabala na kilima, unaona nini? Mitambo inafanya kazi kweli, au wanatuonyesha picha za kwenye karatasi tu?

Mdogo wako,
Motsumi


Ga-Molehe Mpya, 21 Septemba 2014

Motsumi,

Nakusalimu wewe na nyumba yako. Mimi sijambo, vumbi limepungua tangu waanze kumwagia maji.

Umeuliza ninachoona. Tangu Julai nimekwenda kwenye uzio mara tisa, na kila mara nimeandika. Mitambo inafanya kazi kweli. Kusini wameshafika chini, na udongo mwekundu umetokea, ule wetu wa kukandikia nyumba. Tarehe 14 niliona ngazi mbili za kanisa letu la zamani. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaja.

"Bibi, hapa haparuhusiwi."

"Mwanangu, mimi ni mmoja wa wenye kampuni hii."

"Ehee! Basi nenda kawaambie wenye kampuni wenzako waniongeze mshahara."

Tulicheka sana. Akaniletea kiti, na magwinya mawili, yale maandazi yetu ya mafuta, aliyoyafunga kwenye gazeti.

Kaskazini, alikolala Mama, hawajagusa. Hapo nikuonye kama mwekezaji, maana sitaki uje unilaumu. Maabara tulipima sana sampuli za upande ule. Platinamu imo, ila haikubali kutoka. Jua na mvua vimeiharibu kwa miaka mingi. Gharama ya kuosha itazidi mapato. Mimi nitavumilia hasara hiyo. Wewe je?

Dada yako,
Basetsana


Mahikeng, 2 Machi 2015

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi hatujambo. Mwanangu Boitshepo amemaliza chuo cha uuguzi, anakusalimu.

Bila shaka nawe umepata waraka wa bodi. Ulisema kweli kuhusu kaskazini. Wanapendekeza wauache upande ule moja kwa moja, waufunike udongo na kupanda nyasi, kisha mitambo ihamie kilima kingine kule Brits. Wanahisa watapiga kura tarehe 24 Aprili, Johannesburg. Rre Sebogodi anasema pendekezo likipita, hisa haitashuka chini ya senti 90.

Dada, nakuomba tupige kura ya ndiyo. Nilikununulisha hisa mimi, nisingependa upoteze. Na Mama ameshapumzika karibu miaka arobaini na saba. Tumwache.

Mdogo wako,
Motsumi


Ga-Molehe Mpya, 10 Machi 2015

Motsumi,

Mpongeze Boitshepo. Mimi ni mzima.

Nitapiga kura ya hapana, na nitakwenda Johannesburg mwenyewe. Mimi sitamwacha Mama chini ya takataka za watu kwa senti 90. Usiniandikie tena habari za bei. Kama utakuja, nitakuwekea kiti pembeni yangu.

Basetsana


Ga-Molehe Mpya, 28 Aprili 2015

Motsumi,

Hamjambo huko? Mimi nimerudi salama, miguu tu imevimba kwa basi.

Mkutano ulikuwa hotelini, watu kama sitini, chai na keki ndogo za kumeza mara moja. Nilikuwekea mkoba wangu kwenye kiti mpaka saa nne na nusu, kisha mama mmoja wa Kihindi akaniuliza kama pana mtu. Nikasema hapana.

Walipofika kwenye jambo letu nikanyoosha mkono. Nikawaambia, "Chini ya upande wa kaskazini kuna mama yangu, Gaboipolelwe, aliyezikwa tarehe 6 Juni 1968." Mwenyekiti, kijana mpole, akavua miwani. Akasema kwenye ramani za kampuni hakuna kaburi lililobaki, kwani kila familia iliulizwa mwaka 1973 na majibu yake yameandikwa. Nikamwambia, "Basi aliyeandika aliandika uongo." Bwana mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Bibi huyu angekwenda kanisani, hapa ni sokoni." Nikageuka nikamwambia, "Baba, hata sokoni watu wana mama zao." Wenzake wakamcheka.

Kisha wakapiga kura. Pendekezo limepita kwa zaidi ya tisini na saba katika mia. Udongo utaanza kuletwa Oktoba.

Sikuulizi ulipigaje kura.

Dada yako,
Basetsana


Mahikeng, 9 Agosti 2015

Dada Basetsana,

Nakusalimu kwa heshima. Najua nimekaa kimya zaidi ya miezi mitatu. Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana.

Nilituma kura kwa posta, na nilipiga ya ndiyo. Haikuwa kwa sababu ya bei, ingawa nyuma ya bei ndiko nilikojificha.

Uliwaambia aliyeandika orodha aliandika uongo. Yule mtu hakudanganya. Alikuja nyumbani Agosti ya 1973, akiwa na daftari mkononi na kalamu sikioni. Bibi yetu aliyetulea alikuwa amekwenda kisimani. Alinikuta peke yangu, nina miaka kumi na minne. Akaniuliza, "Hapa kwenu kuna kaburi?"

Dada, siku mbili kabla nilikuwa nimewaona wakimfukua mzee Ramoroka. Jeneza lilikuwa limeoza. Walimkusanya kwa koleo wakamtia kwenye kreti la mbao, na kiatu chake kimoja kikaanguka, mfanyakazi akakirusha ndani kama anatupa kopo. Nikasema moyoni, Mama hawatamfanyia hivyo. Lile kaburi letu lilikuwa na mawe matatu tu. Niliyaondoa asubuhi ile nikayapeleka zizini. Mtu wa orodha alipouliza nikamjibu, "Hapana, hakuna." Nikasimama juu ya kaburi lenyewe mpaka akaondoka.

Sikujua wataleta tope. Nilidhani tutahama tu, na tutakuwa tunarudi kumwona.

Nimemwona Baba akienda ofisi ile miaka kumi na sita, nikanyamaza. Uliponiandikia kwamba unangoja ardhi ionekane, niliogopa. Ungechimba pasipo na alama, halafu ungeniuliza.

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Mdogo wako,
Motsumi


Ga-Molehe Mpya, 30 Agosti 2015

Motsumi mdogo wangu,

Natumaini mko wazima wote. Mimi niko salama.

Naandika shajara tangu mwaka 1977. Siku niliyosoma barua yako sikuandika kitu. Siku ya pili nilikuwa na hasira, nikakuita majina ambayo Mama angenipiga kwayo. Siku ya tatu nilikwenda kwa mjane wa mwana wa mzee Ramoroka, nikamuuliza walimzika vipi mzee mara ya pili. Alilia. Nikarudi nyumbani, nikaisoma barua yako upya.

Ningekuwa mimi pale uani, nami ningemwambia hapana hakuna.

Sasa nisikilize. Baada ya mkutano yule mwenyekiti aliniandikia. Kabla ya kupanda nyasi watauacha mraba wa kaburi la Mama, watauzungushia ukuta mfupi na kuweka jiwe lenye jina lake, juu kabisa, sawasawa na alipolala. Hakuna atakayemfukua. Ulichowanyima ruhusa mwaka 1973, Motsumi, hawatakifanya kamwe.

Ila kuna shida moja. Mpima ardhi anayo ramani ya kijiji cha zamani, nyumba zimo, zizi limo. Ananiuliza kaburi lilikuwa hatua ngapi kutoka zizini, na upande gani. Nami naweza kukisia tu. Mama alipozikwa nililia tu, sikutazama, na baadaye nilikuwa shuleni. Bibi hayupo, Baba hayupo.

Ni wewe tu uliyebaki mwenye kujua, maana ulisimama hapo.

Tunapanda kilimani Alhamisi tarehe 24 Septemba, saa tatu asubuhi. Ni sikukuu, duka lifunge. Mpima ardhi hatapigilia kigingi mpaka ufike.

Dada yako,
Basetsana