Pipa la Mama Linawasha Taa

Shanwe,
S.L.P. 43,
Mpanda.
17 Julai, 1977

Mpendwa kaka Eustace,

Shikamoo. Habari za huko Tanga, na kile kifua chako kimepona? Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutesa asubuhi. Mahindi tumeshavuna. Harusi ya mdogo wetu Pelagia iko palepale, Septemba.

Kaka, wewe unashinda na mitambo, hebu nieleze: mavi ya ng'ombe yanawezaje kuwasha taa? Nimeona kwa macho yangu na bado sielewi.

Ilianza kwa fundi Siméon wa Katumba. Alimwambia baba kwamba taka za shamba zikioza mahali pasipo hewa hutoa gesi, na gesi hiyo huendesha injini. Baba unamjua, hakutulia tena. Alichimba shimo, akaomba mavi kwa Kashinje mfugaji, akakoroga na maji na mabua yaliyotwangwa. Kikakosekana cha kufunikia. Basi mama alipokwenda kanisani, baba akachukua pipa lake la pombe, lile la harusi zetu zote, akalifudikiza humo humo kwenye mavi!

Mama aliporudi hakugomba. Na hapo ndipo nilipoogopa. Hakumsemesha baba tena, hata chakula alinipa mimi nimpelekee. Nani atakunywa pombe ya pipa lile, hata likisuguliwa na sabuni ya duka zima? Baba alijua taa isipowaka atakuwa ameharibu pipa na nyumba.

Mimi kila siku nilikwenda kutega sikio. Ndani kulikuwa kunachemka taratibu, kama pombe ya siku ya pili. Kisha pipa likaanza kuinuka lenyewe. Nani analisukuma, kaka?

Jumamosi Siméon akaunga mpira kutoka kwenye pipa hadi kwenye injini ya pampu, aliyoifungia dainamo ya lori. Ikakohoa, ikazima. Baba jasho linamtoka. Wakajaribu tena na tena mpaka ikashika, na balbu ikawaka juu ya mlango wa jikoni. Majirani wakapiga vigelegele. Mama akaitazama, akaingia ndani. Nikasema moyoni, basi tena.

Akatoka na ungo wa maganda ya viazi.

"Baba Eustace, sogea. Pipa langu lisilale njaa."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi machozi yalinitoka, sikufichi.

Nisalimie wifi Josephina na watoto. Pelagia na mjomba Alois wanawakumbuka sana. Mungu awatunze hadi tuonane. Mama naye anakubariki, ila anasema harusini usihangaike na kanga wala sukari. Uje na pipa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Verdiana