Wifi Amesahau Kitambaa Ndani ya Bomba la Turbo, Nami Nimenyamaza

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana hakuna mtu nyumbani ninayeweza kumwambia, mimi ni msichana niliyemaliza shule juzijuzi, si mwongeaji, hata dukani huwa nanyoosha kidole tu, lakini kuna mahali pamoja ambapo sijawahi kuona haya, napo ni gereji ya baba yangu iliyo nyuma ya nyumba yetu.

Baba ana gari la spoti la zamani, la milango miwili, taa zake zinainuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura, na tangu nikiwa mdogo kazi yangu ni kumshikia tochi na kumpa spana kabla hajataja namba, tumelifufua kidogo kidogo mimi na yeye, na sasa ilikuwa zamu ya turbo, kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa zaidi, maana ile ya zamani ilichoka ikawa inakunywa oili, na baba aliniahidi kwamba siku tutakayofunga turbo kubwa zaidi, mimi ndiye nitakayewasha gari.

Sasa kaka amepata mchumba, na mchumba huyo ni fundi wa magari aliyesomea chuoni, kaka mwenyewe hajui hata kujaza tairi upepo, lakini wifi akija kutusalimia anapitiliza hadi gereji, anakunja mikono ya shati, na baba anacheka vicheko ambavyo mimi sijawahi kumchekesha. Turbo kubwa inataka na intakula kubwa, ile kama rejeta ndogo inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini, na ya kwetu ilikuwa imekaa juu ya injini ikiota joto lile lile inalotakiwa kuliondoa, zamani nilimwambia baba ihamie mbele, nyuma ya bampa, ipigwe na upepo, lakini nilisema kwa sauti yangu hii na kompresa ilikuwa inanguruma, hakunisikia, nami sikurudia. Wifi alisema jambo hilo hilo siku yake ya pili tu, kwa sauti ya mtu anayeita teksi, baba akaipiga boneti kofi akanigeukia, "Umesikia? Hicho ndicho kichwa!" Mshauri, akaniambia mimi.

Wifi ananitania, ananiambia, "Wifi yangu, mbona umenuna kama tairi la spea? Mimi nimekuja kumchukua kaka yako tu, baba nakuachia!" na wote wanacheka, nami natazama viatu vyangu. Mama naye kaniambia nina wivu kama mke mwenza, nikaenda kulia bafuni na bomba nimelifungulia wasinisikie.

Hapa kwetu kuna utaratibu. Ukifungua bomba lolote la hewa unaliziba kwa kitambaa ili nati isidondokee ndani, na papo hapo unachana kipande cha kitambaa hicho unakifunga kwenye usukani, ili asitokee mtu akawasha gari na kitambaa kikiwa bado ndani. Baba alisema, "Mwonyeshe wifi yako taratibu zetu," nikamwonyesha sabuni ya kunawia, nikamwonyesha ubao wa spana, la usukani sikumwambia, na mpaka sasa sijui kama nilisahau au nilifanya makusudi.

Jana jioni wifi aliziba bomba linaloleta hewa kwenye turbo, akaenda kutafuta kibano cha kukazia mpira wa hewa, kaka akampigia simu, akarudi anachekacheka, akavika mpira na kuukaza, na kitambaa kiko ndani. Nilikuwa nimeshika tochi, nilikiona kwa macho yangu. Nilifungua mdomo, halafu baba akaingia akasema, "Jumamosi wazazi wako wakija, mkwe wangu, wewe ndiye utakayewasha." Nikafunga mdomo.

Akiwasha, kitambaa kitavutwa hadi kwenye mapanga ya turbo, mapanga yatavunjika, na vipande vya chuma vinaweza kwenda kwenye intakula mpya na hata ndani ya injini. Ataaibika mbele ya wazazi wake na wetu. Naomba unisamehe, sehemu ya moyo wangu inataka nione sura yake siku hiyo, na sehemu nyingine inanililia gari letu, nifanyeje?

Mwenye Tochi

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, jibu hili nimekutumia kwenye simu dakika ile ile niliyomaliza kusoma. Gazetini nimeliweka kwa ajili ya wenzako wenye vitambaa vyao.

Wivu wako nauelewa. Umeahidiwa jambo, umelisubiri tangu utotoni, halafu akapewa mgeni mbele yako na wewe umeshika tochi. Hilo lingemuuma yeyote, na baba yako amekosea. Mama yako pia, mzaha ule haukuwa wa kufanyiwa mtoto anayeumia.

Basi, huruma yangu imeishia hapo.

Unasema hujui kama ulisahau au ulifanya makusudi. Unajua. Mtu anayekumbuka namba ya spana kabla haijatajwa hasahau jambo linaloilinda injini. Na jana hukuwa umesahau chochote, tochi ilikuwa mkononi mwako. Wifi yako amekosa kwa kutojua, wewe umekosa huku ukimmulikia. Na hiyo sura unayotaka kuiona, unadhani itakuwa peke yake? Pembeni yake itakuwepo ya baba yako akiangalia kazi yake ya miaka ikisagwa. Utaiangalia hiyo nayo?

Mimi magari najua kupanda na kushuka tu. Turbo nilikuwa nikidhani ni aina ya mafuta. Wewe umenieleza nikaelewa kila kitu kwa barua moja, halafu unaniambia huna sauti? Sauti unayo, binti, ila umeizoesha kusubiri watu wanyamaze. Wifi yako hakukuibia wazo. Alilisema tu kwa sauti ya kusikika, nawe ulilisema mara moja, kompresa ikinguruma, ukasusa.

Sasa sikiliza. Usiende kukitoa kitambaa kimyakimya ukadhani yamekwisha. Utaratibu wenu atakuwa bado haujui, na wewe utabaki na siri itakayokufanya uzidi kumchukia. Mwite wifi yako, nyinyi wawili tu, baba asiwepo. Mwambie hivi: "Wifi, kuna jambo niliambiwa nikufundishe sikukufundisha, na jana nilikiona kitambaa nikanyamaza, kwa sababu nakuonea wivu." Neno la mwisho usiliruke. Anaweza kukufokea, na ana haki. Mpe spana, afungue mwenyewe.

Baba yako mtafuteni pamoja, asikie kutoka kwenu wote. Ukimaliza kuomba radhi, zima kompresa, mwambie mambo mawili: kwamba ahadi yake unaikumbuka, na kwamba unataka kuwa fundi. Nimeisoma barua yako yote, hakuna mahali ulipowahi kumwambia. Anadhani unapenda kushika tochi.

Nani atawasha Jumamosi, mwachie yeye aamue, na akimpa wifi yako, simama hapo karibu usikilize injini kwa masikio yako, kwani itakuwa nzima kwa sababu yako.

Weka simu chini. Wifi yako yuko wapi sasa hivi?