Spika ya Kulia

Buswelu, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Anjela,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na mihogo imeshaingia ndani kabla mvua haijaanza. Kikohozi cha mama kimepungua? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea. Mimi ni mzima kwa sehemu kubwa, na ile sehemu iliyobaki ndiyo nitakayokueleza humu. Ningekupigia simu, lakini najua ukisikia neno la kwanza utaanza kunigombeza na hutasikia la mwisho. Karatasi haikatizwi. Kama Neema ndiye anayekusomea, mwambie asiruke mahali nilipojiaibisha.

Neno la kwanza ni hili: nimeacha magunia.

Nilikuficha, mke wangu. Kule kiwandani Nyakato tulikuwa tunapandisha mbegu za pamba kwenye malori tangu asubuhi, na wewe ukiniuliza kazi inaendaje nilikujibu inaenda. Kazi ilikuwa inaenda kweli, mimi ndiye niliyekuwa siendi. Kwa maumivu ya mgongo nilikuwa nashuka kitandani kwa magoti kama mtu anayesali. Siku moja gunia likaniponyoka begani mbele ya msimamizi, akaniambia, "Mzee, nenda kapumzike." Mzee! Na mimi nina miaka arobaini na moja. Nilijua maana ya pumziko hilo. Nikaanza kuhesabu nguo zangu zitaenea mfuko gani nikirudi Kasulu.

Mkabala na geti la kiwanda kuna kibanda cha fundi Swalehe, mtu wa hapa hapa mjini, anafunga redio za magari. Nilizoea kukaa kwake saa ya chakula kwa sababu benchi lake lina egemeo. Katika kukaa nikawa natazama, katika kutazama nikawa nauliza. Mwisho nikamwomba anichukue. Akasema, "Butoyi, mimi sihitaji mtu wa kunishikia tochi. Nitakufundisha wiki mbili. Baada ya hapo utafunga redio moja peke yako, mimi sigusi hata bisibisi. Ikiimba, unabaki. Isipoimba, magunia yapo pale pale, hayajahama."

Basi nikajifunza, mimi niliyeishia darasa la tano. Nyuma ya redio zinatoka nyaya nyingi kama mizizi. Mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari. Mwekundu unapitia kwenye ufunguo, ili gari likizimwa redio nayo izime. Wa njano unakwenda moja kwa moja kwenye betri. Huo haulali, ndio unaotunza saa na stesheni. Ukiubadilisha na mwekundu redio itaimba vizuri tu, lakini kila ukizima gari inasahau kila kitu. Swalehe anaiita redio ya namna hiyo mlevi. Kisha kuna spika, kila moja na nyaya zake mbili. Hapo ndipo alinichosha: "Kulia ni upande wa dereva. Hata ukilala chali chini ya dashibodi, kulia ni upande wa dereva!" Alisema hivyo kwa sababu mimi nikilala chali nilikuwa nahesabu kwa mkono wangu, na mambo yote yanageuka.

Siku ya mtihani wangu akaja Mzee Malima, analeta mchele kutoka Magu kwa pikapu kuukuu. Alikuwa na mkewe. Mkononi ana redio ya kuchezesha sidii, ameichomoa kwenye gari bovu la mkwe wake, anataka ifungwe wasikilize kwaya njiani. Milangoni zilikuwemo spika mbili za zamani. Akaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Baba, mimi nataka ya kulia tu. Hiyo nyingine toa, isinisumbue." Wakaenda sokoni.

Nikaitoa ya kushoto, nikaiweka kwenye benchi. Nikafunga nyaya zangu moja moja, kila kiungo nikakizungushia utepe. Nikawasha. Taa ya bluu ikawaka, redio ikaimeza sidii, namba zikaanza kuhesabu. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya kabisa, na namba zinahesabu tu.

Anjela, nilitoka jasho ambalo sijawahi kulitoka kwenye magunia. Nilijua nimeiunguza redio ya watu. Nikafungua yote, nikafunga upya. Kimya. Swalehe ameketi anakunywa kahawa, akaniuliza, "Wimbo gani huo? Mimi siujui."

"Ni wa taratibu," nikamjibu.

Vibarua wenzangu walikuwa wametoka kula, wakaanza kunitania kutoka ng'ambo ya barabara: "Butoyi! Gunia lako tumekuwekea!"

Nilikuwa karibu kwenda kulichukua. Ndipo nikakumbuka kwamba spika hujaribiwa yenyewe, kwa betri ndogo ya tochi: ukigusisha nyaya zake, iliyo hai inasema tko. Nikagusisha ile ya mlango wa dereva. Haikusema kitu. Nilipoifungua nikakuta karatasi yake imeoza, maana kioo cha mlango ule hakipandi na mvua imeingia miaka mingi. Nikagusisha ile niliyoiweka kwenye benchi. Tko! Nikaiunganisha, kwaya ikajaa kibanda kizima, hata wale vibarua wakanyamaza.

Sasa nikafikiri. Mzee anataka ya kulia tu, na ya kulia imekufa. Basi hii nzima nitaihamishia kulia. Nikaihamisha, nikaifunga vizuri, nikakaa kumsubiri kama mtu aliyeshinda kesi.

Mzee alipoingia garini akashangaa. "Mbona umeihamisha?"

"Mzee, si ulisema unataka ya kulia tu?"

"Ndiyo, ya kulia. Ilikuwa kule kushoto."

"Ya kulia ilikuwa kushoto?"

"Sasa baba, kwani huku kulikuwa na spika inayolia? Hii ilikufa siku nyingi! Ya kulia ni ile inayolia!"

Mkewe akapiga makofi. "Nilikwambia useme upande wa abiria. Wewe unaongea na mafundi kama unaswaga ng'ombe. Na anayekaa upande huo ni mimi! Kwaya ni yangu, yeye anasikiliza injini tu."

Swalehe alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Mimi sikucheka, nilikuwa natazama lile geti. Nikafungua tena, nikaitoa kulia, nikairudisha kushoto kwa yule mama. Nikamwonyesha namna ya kuitumia: sidii ishikwe pembeni, picha itazame juu, isisukumwe, redio inaivuta yenyewe. Kitufe hiki ni cha kuitema. Kwenye mashimo ikirukaruka, isubiriwe, isipigwe.

"Mwambie huyu," akasema, "kila kitu chake kikinyamaza anakipiga."

Nikazima gari, nikawasha tena. Wimbo ukaendelea pale pale ulipokatika. Haikuwa mlevi. Wakaondoka, mama anaimba kuliko kwaya yenyewe.

Nikaanza kukusanya bisibisi nirudishe za watu. Swalehe akafuta macho, akasema, "Nilikuambia ufunge redio moja, umefunga mara nne na hukuunguza hata waya. Kiswahili umeanguka. Redio umepita."

Tangu siku hiyo kibandani hakuna kulia wala kushoto. Tunasema dereva na abiria, na anayekosea anachota maji.

Mgongo bado unauma nikikaa sana chini ya dashibodi, sikudanganyi tena. Lakini sasa nashuka kitandani kwa miguu. Juzi nilinunua sato nikamkaanga mwenyewe, nikasimama jikoni mpaka akaiva, na sikutafuta pa kuegemea. Basi ukinigombeza, nigombeze kwa kuficha, siyo kwa kuacha.

Msalimie mama yangu na mama yako, usianze na mmoja mbele ya mwingine. Msalimie kaka yako fundi baiskeli, mwambie sasa tunaweza kubishana sawa kwa sawa. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule jirani aliyetuazima jembe. Neema nampongeza kwa kusoma mpaka hapa.

Barua naishia hapa nikalale mapema. Swalehe anakwenda msibani Sengerema, na ufunguo ameniachia. Kesho anayefungua kibanda ni mimi.

Mumeo akupendaye,
Butoyi